Deni la Grasberg kwa Skarni

Wachimbaji wa chuma wa Uswidi waliita skarni yale mawe ya silikati yaliyokaa kando ya mbale, yaani mawe yenye madini, wakayahesabu kuwa takataka. Jina lilibaki, na dharau ikabaki nalo. Leo anayetafuta shaba hutamani kwanza pofiri, mwamba mkubwa wenye shaba kidogo kidogo karibu kila mahali, unaochimbika kwa miongo.

Wanaoikwepa skarni wana sababu. Skarni huzaliwa pale magma inapopenya kwenye mawe ya chokaa: maji ya moto yenye asidi yanakutana na chokaa, makali ya asidi yanakatika, na shaba iliyoyeyuka inatua hapohapo. Basi umbo lake linafuata mpaka na nyufa za chokaa. Hapa ni nene, hatua chache mbele limekwisha. Mashimo ya uchorongaji lazima yakaribiane, na vipimo vya sumaku vinaweza kukufikisha kwenye magnetaiti, madini ya chuma, isiyo na shaba.

Lakini hoja hizo zinasahau Ertsberg, skarni ya shaba katika milima ya Papua, Indonesia. Mwaka 1936 mwanajiolojia Mholanzi Jean Jacques Dozy, akiwa safarini na wenzake Colijn na Wissel, aliuona mwamba mweusi umesimama juu ya bonde. Ripoti yake ilichapwa Leiden 1939, vita vikaifunika. Ilifufuliwa mwaka 1959, na mwaka uliofuata Forbes Wilson wa Freeport, kampuni ya madini ya Marekani, akapanda kuuona mwamba wenyewe. Waamungme, wenyeji wa hapo, waliujua mlima huo kabla yao wote, na hawakuulizwa kama uchimbwe. Kila anayemsifu Dozy anapaswa kulisema hilo.

Hesabu ya Ertsberg ndiyo ninayoirudia kila mara: tani milioni 33 za mbale, zenye shaba asilimia 2.5. Hizo ni zaidi ya tani 800,000 za shaba katika mwamba mmoja, ambao sehemu yake ilikuwa wazi juani. Pofiri nyingi hazifikishi hata asilimia 1. Kiwango hicho ndicho kilicholipia barabara ya kupita kwenye vinamasi na miteremko, bomba la kusafirishia makinikia ya shaba hadi pwani, na mji wa Tembagapura. Shehena ya kwanza ilitoka 1972.

Kilomita 3 hivi kutoka Ertsberg ulikuwepo mlima wa nyasi, Grasberg, ambao Dozy mwenyewe aliupa jina. Ulichorongwa 1988, Ertsberg ikiwa inaishilia, ukaonekana kuwa pofiri, na moja ya hazina kubwa kabisa za shaba na dhahabu duniani. Mtetezi wa pofiri atasema: unaona, skarni ilidumu miaka 16 tu, pofiri ndiyo iliyouokoa mgodi. Ni kweli iliuokoa. Ila mgodi wa kuokolewa ulikuwepo kwa sababu ya skarni. Nani angejenga barabara ile ili akachoronge kilima chenye nyasi? Na uharibifu pia ulipitia mlango huohuo: mto Ajkwa ukageuzwa njia ya topesumu ya Grasberg, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, kwa kiasi ambacho Ertsberg peke yake isingekifikia.

Shimo la wazi la Grasberg lilifungwa 2019, kazi ikahamia chini ya ardhi. Humo, pamoja na pofiri, inachimbwa Big Gossan, ambayo ni skarni. Mwaka 2022 yakaanza maandalizi ya kuchimba Kucing Liar, ubavuni mwa Grasberg. Nayo ni skarni.