Kuikagua gari si kumvunjia mtu heshima

Mwaka 2018 nilimtumia mdogo wangu pesa ya gari. Yeye yuko Chake Chake, Pemba, mimi niko Coventry, Uingereza, na gari yenyewe ilikuwa Unguja: Toyota IST ya rangi ya fedha, ya mtu ambaye shemeji yake ni jirani yetu tangu mimi mtoto. Nilipata picha sita kwa simu. Gari inang'ara, viti vimevishwa vitambaa vipya, dashibodi inaonyesha kilomita 68,000. Nikamuuliza mdogo wangu kama amekwenda na fundi kuitazama. Akanijibu, "Kaka, yule ni mtu wetu. Nikienda na fundi ataona simwamini." Nikanyamaza. Nilielewa anachosema, na lau ningekuwa mimi pale ningeona haya hiyo hiyo. Pesa ikaenda.

Gari ikavushwa kwa meli mpaka bandari ya Mkoani, ikafanya safari za Chake na Wete kwa wiki saba. Kisha taa zikaanza kuwaka na kuzimika zenyewe, gia ikawa inachelewa kuingia, na siku moja ikazima njiani na abiria wanne ndani. Fundi wa Chake alipong'oa kiti cha dereva alikuta reli zake zimeliwa na kutu, na chini ya zulia kuna matope yaliyokauka yakawa kama chungu. Akauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake kabisa. Kile kipande cha mwisho, ambacho hakitoki mtu anapojifunga, kilikuwa na mstari wa udongo. Gari ile ilizama maji. Wa Unguja wanazikumbuka masika ambazo maji yalifunika barabara pale Mwanakwerekwe mpaka magari yakakwama. Sisemi kuwa ilizama pale, kwa sababu hakuna aliyetwambia na hakuna palipoandikwa. Na hilo la kutoandikwa ndilo linaloniuma mpaka leo.

Huku nilikohamia gari ina daftari lake. Ikitimiza miaka mitatu inapelekwa kila mwaka kwenye ukaguzi wanaouita MOT, uliokuwepo tangu 1960. Matokeo ya ukaguzi huo, kuanzia 2005, yamewekwa kwenye tovuti ya serikali, na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Unaandika namba ya gari tu. Hulipi kitu, humwombi mwenyewe ruhusa. Unaona maili zilizosomwa siku ile, kilichoifelisha gari, na kile ambacho mkaguzi hakukifelisha lakini amekiandikia onyo. Niliwahi kukaa jikoni na simu yangu nikaiangalia gari niliyoipenda sana: mwaka mmoja maili 91,000, mwaka uliofuata 64,000. Mtu kazirudisha nyuma. Sikutoka hata nyumbani.

Lakini si tovuti ile niliyotaka kuielezea zaidi, ni siku niliyonunua gari ninayoiendesha sasa. Nilikwenda na rafiki yangu Msomali ambaye ni fundi. Muuzaji alikuwa mzee wa Kiingereza, mstaafu, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Rafiki yangu akatandika gunia, akalala chali chini ya gari, uani kwa mwenyewe. Mimi nikaanza kuona haya. Nikawa natafuta la kumwambia yule mzee, la kumwomba radhi. Kumbe yeye kaingia ndani, karudi na tochi, kapiga magoti juu ya saruji ile iliyorowa na anammulikia fundi wangu. "Hapo nyuma kidogo, upande wa kushoto, ndipo kutu ilipoanzia." Yeye mwenyewe anaonyesha. Tukapunguziana pauni 150, tukapeana mikono, akatupa na risiti zote za matengenezo ndani ya bahasha. Nilirudi nyumbani nikimfikiria mdogo wangu na ile haya yake.

Sitaki mtu asome hapa akadhani nasema Uingereza karatasi zimemaliza kazi. MOT haipimi afya ya injini, wala klachi, wala gia boksi. Gari inaweza kupasi leo na gia zikafa wiki ijayo. Gari iliyogongwa na bima ikaona haifai kutengenezwa huandikwa herufi: S ikiwa mifupa yake imeumia, N ikiwa haikuumia. Ila mtu akigonga akatengeneza kimya kimya bila ya kuiambia bima, hakuna herufi yoyote. Na kuna chumvi. Huku wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu isigande, na chumvi ile inakula chini ya gari kama upepo wa bahari unavyokula mabati yetu kule pwani. Ndugu zangu mnaopakia magari kwenye makontena kupeleka nyumbani, muyatazame chini kabla ya kuyatazama juu.

Tena daftari lile halisafiri. Gari yenye S ikishapanda kontena, S yake inabaki huku kwenye kompyuta. Ikishuka bandarini inapigwa maji, inapata namba mpya inayoanza na Z, na imekuwa kama iliyozaliwa siku ile.

Za Japani, ambazo ndizo nyingi kwetu, ni vivyo hivyo, na hapa naona watu wetu wanapoteza haki yao kwa kutojua. Gari nyingi za Japani hupita mnadani kabla ya kusafirishwa, na mnadani kila gari hukaguliwa na kuandikiwa karatasi. Juu yake kuna alama: 4.5 ni gari safi sana, 4 ni nzuri, 3.5 ina makovu ya kawaida, na R ni gari iliyogongwa ikatengenezwa. Kuna na mchoro wa gari kama imefunuliwa kutoka juu, umejaa herufi ndogo ndogo: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipozibwa kwa puti au kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Hata kama hujui neno moja la Kijapani, mchoro ule utausoma. Anayekuuzia gari akikwambia "imetoka Japani juzi tu, haijaguswa," mwambie akuonyeshe karatasi ya mnada pamoja na cheti cha kusafirishia, kisha ulinganishe namba ya chesisi na ile iliyopigwa kwenye chuma chini ya boneti. IST ya toleo la kwanza yenye injini ndogo, kwa mfano, itaanza na NCP60. Wala usihangaike kuitia namba hiyo kwenye tovuti za Ulaya zinazodai herufi na tarakimu 17. Gari iliyotengenezewa soko la Japani haina namba ya namna hiyo. Ukikosa majibu huko, usidhani ndiyo gari mbovu.

Narudi kwenye haya, maana hapo ndipo penye maradhi yetu, na mimi sikubali kuwa ni adabu.

Neno letu "aibu" tumelichukua kutoka Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni ila ya kitu, kasoro. Katika fikihi ya biashara, yaani sheria za Kiislamu, kuna khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo na hakuambiwa, ana haki ya kurudisha. Hapa Uingereza wametunga sheria ya haki za mnunuzi mwaka 2015, na ukinunua kwa mfanyabiashara ukakuta kasoro ya namna hiyo una siku 30 za kuirudisha gari na kuchukua pesa yako. Watu wa hapa wanajivunia, na wana haki. Lakini sisi tulikuwa nayo. Walimu wetu wa chuoni walitusomesha tukiwa bado hatujaota meno ya utu uzima. Kilichotokea ni kwamba aibu imehama. Imetoka kwenye kasoro ya mali, imehamia kwenye uso wa anayeitafuta.

Na kisa chenyewe tunakijua sote. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni kwenye rundo la chakula kinachouzwa, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umande. Akamuuliza mwenye mali, ni nini hiki? Akajibiwa kuwa mvua ilikifikia. Akasema kwa nini asikiweke juu watu wakakiona, na kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Nilikisikia kisa hiki mara nyingi, na kila mara mazungumzo yalikuwa juu ya muuzaji. Baada ya IST yetu nikaanza kuutazama ule mkono. Hakumuuliza yule mtu kwanza kama anaaminika. Aliuingiza mkono ndani ya rundo, pale pale sokoni. Na kilichokutwa kilikuwa ni maji ya mvua, kama yale yaliyokuwa chini ya zulia letu.

Kwa hivyo mtu anaponiambia kuwa kwenda na fundi ni kumvunjia mwenyewe heshima, namjibu kuwa heshima ya muuzaji mkweli ndiyo inayohifadhiwa na fundi. Gari ikiharibika mwezi wa tatu, huyo aliyeuza kwa nia safi atajiteteaje? Sisi na jirani yetu hatujasalimiana kwa moyo tangu mwaka ule. Na huenda muuzaji hakujua. Huenda na yeye aliinunua imeshafunikwa zulia. Kama tungeipandisha shimoni kwa fundi siku ile ikatazamwa chini, leo mama yangu angekuwa bado anapelekewa sahani ya mkate wa kumimina wakati wa Ramadhani.

Nyumbani tuna kitu ambacho huku hakipo, nacho ni masikio na kumbukumbu. Fundi wa Chake aligundua kwa mkono na pua mambo ambayo gereji ya huku ingechomeka kompyuta kwanza na kutoza pauni 80 ndipo ianze kutazama. Barzani ukitaja namba ya gari, hasa Pemba, atatokea mtu: ile ilikuwa ya fulani, ilimgonga ng'ombe, ile iliuzwa na mrithi. Tatizo la kumbukumbu ya barzani ni kuwa inamfikia mwenye jamaa mahali pale. Gari ikivuka kisiwa, imevuka na kumbukumbu.

Ndiyo maana naona sisi tungeweza kuwa na daftari bora kuliko la Waingereza. Kwetu ni visiwa. Gari haiingii Unguja wala Pemba ila kwa bandari, na haiendi barabarani bila ya kusajiliwa na kupewa namba. Siku ya kusajiliwa tayari kuna mtumishi anayeandika namba ya chesisi. Aandike na kilomita. Siku ya ukaguzi ziandikwe tena. Karatasi ya mnada ihifadhiwe na kadi. Kisha mtu yeyote aweze kusoma kwa simu yake, kwa namba ya gari, bila ya kujua jina la mwenye gari wala anapokaa, kwa sababu siri za mtu ni zake lakini kilomita za gari si siri. Gari zetu si mamilioni. Hii si kazi ya kutushinda.

Na sisi wenyewe tuache kununua gari tukaiacha kadi kwa jina la mtu wa kwanza. Nimeona gari imepita mikono mitatu na kadi bado ina jina la marehemu. Huku kadi ya gari imeandikwa wazi kuwa aliyesajiliwa si lazima awe ndiye mmiliki, na watu huitazama kadi kwa jicho la pili. Kwetu kadi ndiyo kila kitu, na bado hatuisomi.

Kwa wenzangu mlio nje mnaotuma pesa: pesa ya kwanza iwe ya fundi, naye asiwe fundi wa muuzaji. Aende asubuhi, injini ikiwa haijawashwa. Akikuta boneti ina moto, arudi siku nyingine, kuna kitu kinafichwa. Afungue kifuniko cha oili. Ikiwa ndani pana utando kama maziwa, huenda maji yameingia kusikotakiwa. Apitishe sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye bodi ya chuma. Isiposhika, chini ya rangi pana puti. Atazame tarehe ya matairi, zile tarakimu nne ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ainue zulia. Aivute mikanda yote mpaka mwisho. Mtaniwia radhi kwa kulirudia hili la mikanda.

Mwezi huu mtoto wa dada yangu ameipata Vitz huko Fuoni na ameniomba nimsaidie. Nilimwambia nasaidia, ila kwanza amwombe mwenyewe, kwa adabu zote, gari ipandishwe shimoni kwa fundi wetu. Alisita siku mbili. Leo ameniandikia: "Mjomba, nimemwambia. Amesema hata yeye anataka ajue chini kukoje, hajawahi kupatazama. Kesho saa mbili asubuhi, na hataiwasha mpaka tufike."

Nimeweka kengele ya simu saa kumi na moja alfajiri, saa za huku. Nitakuwa nao kwenye simu.