Usimwambie "hilo lishaulizwa" kabla hujalisoma

Jamani kuna hii tabia inaniudhi kweli, mtu anauliza swali la hesabu, hata hajamaliza anaambiwa hilo lishajibiwa kaangalie la juzi. Saa nyingine ni kweli, ila mara nyingi aliyesema hivyo kaangalia maneno tu, na kwenye hesabu maneno yanadanganya sana.

Chukua ile ya milango mitatu. Mmoja una gari, miwili ina mbuzi, unachagua mlango, afu mtangazaji anayejua gari liko wapi anafungua mwingine wenye mbuzi anakuuliza unabadili? Ukibadili nafasi yako ya kupata gari ni 2/3. Sasa gusa kitu kimoja tu, mtangazaji hajui, kafungua kwa kubahatisha ikatokea mbuzi. Hapo ni nusu kwa nusu! Maswali yanafanana karibu neno kwa neno na majibu ni mbalimbali kabisa. Wakati huohuo fumbo la wafungwa watatu (mmoja kasamehewa, wawili watauawa, na mlinzi anayejua anamtajia mfungwa mmoja mwenzake atakayeuawa) aliloandika Martin Gardner, mwandishi wa mafumbo ya hesabu, 1959 halina gari wala mbuzi, lakini ndani yake ni hesabu ileile ya milango ambayo mtaalamu wa takwimu Steve Selvin aliiandika 1975.

Kwa hiyo mimi napima hivi: huyu anayeuliza leo, akisoma jibu la zamani, atafika mwenyewe bila kuhitaji wazo jipya? Ligi Kuu Bara timu 16, nyumbani na ugenini, mechi 240. Watu 16 kikaoni wakipeana mikono wote, mara 120. Kwangu hilo ni swali moja, unahesabu jozi, ila kwenye ligi kila jozi inakutana mara mbili. Lakini akiuliza umbo la pande 16 unaweza kuunganisha kona zisizopakana kwa mistari mingapi, jibu ni 104, kwa sababu kwenye zile jozi 120 unatoa pande 16 zenyewe, na hiyo kutoa mtoto wa kidato cha kwanza haimjii tu hivi hivi, mjibu bana.

Na hata ukiwa na uhakika ni lilelile, usimrushie tu la zamani ukaondoka. Yeye haoni kufanana unakokuona wewe, angeuona mfanano huo asingeuliza. Mwandikie basi hata sentensi moja, timu za kule ndo watu wa hapa, mechi ndo mkono.