Chumvi ya Mkojo: Uchafu wa Alkemia au Kipimo cha Kweli?

Kila kisa cha Hennig Brand kinaposimuliwa, wasikilizaji huziba pua. Mwaka 1669, mjini Hamburg, mtu huyu alichemsha mkojo akitafuta dhahabu, akaambulia fosforasi inayong'aa gizani. Wengi huishia hapo: alkemia ilikuwa kubahatisha, na kilichobaki chunguni kilikuwa uchafu. Naona chumvi iliyobaki mle chunguni imeonewa. Wakemia wa kale waliiita chumvi ya mikrokozimu, yaani ya ulimwengu mdogo, kwa kuwa waliuona mwili wa binadamu kama ulimwengu mzima uliofupishwa.

Wanaoibeza hawasemi uongo. Jina lake halimwambii mtu kilichomo ndani. Baadaye ilitumika kupima mawe: huyeyushwa iwe tone la kioo, na rangi ya tone hutambulisha metali iliyomo; lakini kipimo hicho hutegemea jicho, na metali mbili zikichanganyika, rangi hupotosha. Kiasi hakisemi kabisa. Tena mwaka 1860 wanasayansi wa Ujerumani Bunsen na Kirchhoff walionyesha kwamba mwanga wa mwali, ukipitishwa kwenye mche wa kioo, huitambulisha elementi kwa mistari yake yenyewe. Baada ya hapo, nani aendelee kukodolea macho tone la kioo?

Lakini tazama ndani ya chumvi yenyewe. Ni fosfati ya sodiamu na amonia iliyoshikamana na maji, na karibu asilimia 15 ya uzito wake ni fosforasi. Asilimia hiyo hainitoki kichwani. Mtu mzima hutoa takriban gramu 1 ya fosforasi kwa siku katika mkojo wake, na sehemu kubwa ya fosforasi hiyo ilikuwa katika chumvi ambazo Brand alizitenga akazitupa. Alihangaika na mapipa kwa mapipa ya mkojo, akavumilia uvundo wake, kisha akamwaga kilicho bora na kubaki na kidogo. Dharau ile ile tunayoiona leo kwa wasimulizi ilimponza yeye wa kwanza.

Ilipita miaka 74. Mwaka 1743, mkemia Andreas Marggraf wa Berlin alionyesha kuwa chumvi ile ile, ikichomwa pamoja na mkaa, hutoa fosforasi. Swali likahama: si mkojo tena, bali kitu gani kimo ndani ya mkojo, na wapi pengine kinapatikana. Karibu mwaka 1770 wakemia Gahn na Scheele wa Uswidi wakakikuta kwenye mifupa, na mapipa ya mkojo yakakosa kazi.

Huko huko Uswidi chumvi ikapata kazi nyingine. Cronstedt, aliyegundua nikeli mwaka 1751, na baadaye mkemia Berzelius, walipima mawe kwa mrija wa kupulizia moto, chombo cha masonara. Niliwahi kuonyeshwa kipimo hicho. Waya wa platinamu hupindwa ncha iwe kitanzi, huchovywa kwenye chumvi, hutiwa motoni. Chumvi hutokota, hutoa mvuke wa maji na amonia, na zaidi ya nusu ya uzito wake hupaa. Kinachobaki ni tone la kioo kama ushanga, jepesi kudondoka, ndiyo maana huongezwa kidogo kidogo. Ukigusisha chembe ya kobalti, ushanga huwa buluu iliyokolea. Manganizi huutia zambarau katika mwali wenye hewa tele. Usogeze kwenye mwali uliokosa hewa, rangi yote inatoweka.

Watu husema boraksi, chumvi nyingine inayoyeyuka kuwa kioo, hufanya hayo hayo, kwa nini kuhangaika na hii? Kwa sababu ya silika, kitu kinachounda mchanga na mawe mengi. Boraksi huiyeyusha, chumvi hii huiacha, kwa sehemu kubwa, hivyo mpimaji huiona ndani ya ushanga. Ni kweli kwamba silika kidogo huyeyuka hata humu, na zipo oksaidi nyingine (elementi zilizoungana na oksijeni) zinazobaki vivyo hivyo, kwa hiyo mpimaji asikimbilie kuhukumu.

Mgodini ningechagua mashine, inayotaja elementi kwa sekunde bila kumchosha mtu. Darasani ningemkabidhi mwanafunzi waya na kijichembe cha jiwe, nimwambie atazame hadi vingine vyote viyeyuke, na ndani ya ushanga angavu kibaki kiunzi cheupe cha silika kikielea, bado kina umbo la chembe aliyoitia.