Msikate waya wa ethi ili spika inyamaze

Kila ninapoitwa kuangalia mitambo ya kanisa au ya sherehe hapa Dar es Salaam, naanzia kwenye plagi ya spika. Mara nyingi nikiifungua nakuta waya wa kijani na njano, ule wa ethi unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umekatwa na kufungwa utepe. Pengine wameweka kabisa plagi ya miguu miwili, na tundu la juu la soketi limezibuliwa kwa kijiti. Nikiuliza sababu, naambiwa: "Ilikuwa inanguruma, fundi akautoa, ikanyamaza."

Ilinyamaza kweli, lakini kwa gharama ambayo hakuna aliyeambiwa.

Spika yenye ampu (mashine ya kukuza sauti) ndani yake inaingiziwa umeme wa volti 230 kwenye boksi lile lile linalopokea kebo ya muziki. Besi inatikisa boksi hilo miaka nenda miaka rudi. Siku waya wa moto ukichomoka na kugusa bati la nyuma, ethi ndiyo inayoupa umeme njia ya kupita kwa nguvu hadi fyuzi ikakatika. Bila ethi, fyuzi inabaki nzima na bati linabaki na moto. Bati hilo limeungana na waya wa nje wa kebo ya muziki. Kebo inakwenda kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, na mikisa inakwenda kwenye maiki. Ikiwa mikisa nayo haina ethi, mwenye kuupokea umeme huo ni mwimbaji wa kwaya mwenye jasho mkononi, amesimama juu ya saruji.

Mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifia jukwaani Swansea, huko Wales, mwaka 1972, baada ya kugusa maiki isiyo na ethi. Mwaka 2005 mchungaji Kyle Lake alipigwa shoti akafa kanisani Waco, Texas, aliposhika maiki akiwa ndani ya maji ya ubatizo. Nikiona wachungaji wetu wakishika maiki kwa mikono iliyolowa, nawaza habari hiyo.

Mngurumo wenyewe una chanzo chake. Spika imechomekwa ukuta wa mbele, mikisa ukuta wa nyuma, kila moja na ethi yake, halafu kebo ya muziki inaziunganisha. Hapo pamejengwa mduara, umeme kidogo unazunguka ndani yake, na masikio yanasikia ule mvumo wa hezi 50. Mduara huo ukatwe upande wa muziki, kamwe si upande wa umeme. Chomekeni vyote kwenye saketi moja, yaani laini moja ya umeme. Tumieni kebo za XLR, zile za maiki zenye pini tatu, badala ya zile nyembamba za redio. Kama mngurumo unatoka kwenye kompyuta ya mapajani, chomoeni chaja kwanza msikilize. Ukikoma, nunueni boksi la DI lenye transfoma, kiboksi kinachokaa kati ya kompyuta na mikisa. Kitufe chake cha kuachanisha ethi kinagusa kebo ya muziki tu, waya wa umeme kinauacha salama.

Kosa jingine linaua spika badala ya mtu: kuchukua waya wa spika kutoka nyuma ya ampu na kuuingiza kwenye spika ambayo tayari ina ampu. Ampu ya wati 100 kwenye omu 8 inatoa karibu volti 28, na mlango wa muziki wa spika hiyo unategemea volti moja hivi. Tumieni tundu la ampu lililoandikwa "pre out", linalotoa muziki kabla haujakuzwa. Na kama spika imetumwa na ndugu aliyeko Marekani, tazameni nyuma kabla ya kuchomeka: kama imeandikwa volti 120 peke yake, inahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Kuwasha, mikisa kwanza na spika mwisho. Kuzima, spika kwanza.

Mwezi uliopita nilirudisha ethi kwenye spika nne za kanisa moja. Mngurumo ukarudi palepale, na wazee wakaniangalia kwa mashaka. Nikavuta ekstensheni kutoka soketi ya jukwaani hadi kwenye meza ya mikisa huko nyuma, nikaipitisha kando ya ukuta mbali na kebo za muziki, nikaichomeka mikisa humo. Kukawa kimya, na ethi zote zipo mahali pake.