Kompyuta kongwe isiyoguswa nayo inaoza

Wakusanyaji wengi wa kompyuta kongwe huwaona mafundi wanaozifufua kama waharibifu, na lawama zao zina msingi. Apple-1 za mwaka 1976, kompyuta za kwanza za kampuni ya Apple, ziliundwa takribani 200 tu. Mwaka 2014 moja ilinunuliwa mnadani kwa dola 905,000. Katika mashine ya namna hiyo hata tarehe ya kiwanda iliyochapwa juu ya chipu ni ushahidi. Fundi akibadilisha vipande bila kuandika popote, ushahidi umepotea. Wapo pia wanaopaka haidrojeni peroksaidi kwenye makasha yaliyogeuka manjano ili yawe meupe, na mara nyingi umanjano hurudi. Hapo nawaunga mkono wakusanyaji.

Lakini kauli yao kuu, "iacheni ilivyo", inachukulia kwamba mashine iliyo kabatini imetulia. Haijatulia hata kidogo. Chukua Amiga 500 Plus ya mwaka 1991. Betri yake ya nikeli-kadimiamu iliungwa kwa risasi kwenye bodi, yaani ubao wa ndani unaobeba chipu, ili saa iendelee kutembea umeme ukizimwa. Betri hiyo ikizeeka huvuja alkali, na alkali hutambaa: hula njia za shaba, hupanda miguu ya chipu, huingia kwenye soketi na kuacha kutu ya kijani. Kasha kwa nje linabaki zuri vilevile. Mwenye mali anaweza kulipangusa vumbi kila wiki, ndani bodi inaliwa, asijue. Macintosh SE/30 ya mwaka 1989 ina balaa mbili: betri ya lithiamu inayoweza kupasuka, na kapasita ndogo, vipande vya kuhifadhi chaji ya umeme, zinazovuja hata betri ikiwa imeshatolewa. Na kukata betri ni kazi ya dakika chache! Mashine ngapi zimekufa kwa kulindwa namna hii?

Wakusanyaji hujibu: basi toa betri uishie hapo, ya nini kuiwasha? Hofu yao ni ya kweli. Adapta ya Commodore 64 ikiharibika hupitisha volti kupita kiasi na kuunguza chipu za kumbukumbu, ndiyo maana fundi makini huipima kwa mita kabla ya kuichomeka.

Hata hivyo, mashine iliyozimwa huficha mengi. Kompyuta ya Harwell Dekatron ya Uingereza, yenye uzito wa tani 2.5, ilianza kazi mwaka 1951, ikaja kuwekwa ghalani, kisha ikawashwa tena mwaka 2012 kwenye makumbusho ya kompyuta huko Bletchley, sehemu zake nyingi zikiwa zilezile za awali. Kuzidisha namba mbili huichukua sekunde 5 hadi 10, na unaiona hesabu yenyewe ikihama kwenye taa zake. Picha gani ingekueleza hivyo?

Ninachowadai mafundi ni kumbukumbu. Wapige picha kabla ya kugusa, waandike tarehe, na kila kipande kilichotolewa kitiwe kwenye mfuko na kukaa na mashine yake, isipokuwa betri. Atakayeimiliki baadaye, akitaka kuirudisha ilivyokuwa kwa ajili ya maonyesho, avikute.