Kukimbia inasaidia, ila isiishie pale
Eti mwanaume akikimbia polepole huku anafwata pumzi yake, mawazo inapunguka, mi nakubali kabisa juu hapa Goma, kisha volkano ya 2021 na vita ya 2025, banaume wengi banalala macho wazi na hakuna mwenye anabauliza kitu. Sisi ku Katindo, kartie moja ya hapa Goma, tunatokaka asubui mapema, njia iko na mawe ya volkano, unalazimika kuangalia kila fasi unakanyaga na kichwa inatulia yenyewe. Lakini dawa yenyewe iko kisha mbio, tukikaa chini na jasho mutu anasema kazi iliisha, bibi alirudia kwabo, hakuna mwenye anamucheka. Mwenye anawaza kujiua, mbio pekee haitoshi, mumupeleke kwa munganga. Ba Bukavu na Lubumbashi, nyiye munaongeleaka wapi mambo ya roho?