Si kila kizunguzungu ni cha kisu

Nimesoma makala inayoeleza vizuri upasuaji wa sikio la ndani wa kutibu kizunguzungu, ila mtu wa Kirumba au Igoma hapa Mwanza akiisoma atadhani kila kizunguzungu kinaishia chumba cha upasuaji. Muda ndio unaoamua mengi. Kikikushika kwa sekunde chache unapogeuka kitandani, mara nyingi ni chembe za chokaa zimeingia kwenye mirija ya sikio. Hapo hakuna kupasua: daktari anageuza kichwa nyuzi 45 upande unaoumwa, anakulaza chali kichwa kikining'inia kidogo, anasubiri kizunguzungu kitulie, anageuza kichwa nyuzi 90 upande wa pili, unalala ubavu huo uso ukitazama chini, kisha unaketi.

Kikidumu dakika 20 hadi saa 12, sikio likivuma na usikivu ukishuka, huenda ni ugonjwa wa Ménière. Kwanza ni dawa na kupunguza chumvi, na kwetu hapa maana yake kupunguza kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi. Ikishindikana, ipo sindano ya dawa ya gentamaisini kupitia ngoma ya sikio. Inaua seli za mizani, yaani sehemu ya sikio la ndani inayotuzuia kuyumba, lakini inaweza kuharibu usikivu pia.

Upasuaji wa kuondoa mizani yote ya sikio hukomesha mashambulizi kwa wengi, ila usikivu wa sikio hilo unakwenda nao. Ndiyo maana hufanyiwa sikio ambalo tayari halisikii vya kufaa, na la pili lazima lipimwe kwanza. Nalo likiwa bovu, mgonjwa atabaki akiyumba, hasa gizani.

Na ndugu zangu wavuvi, mwenye mashambulizi haya asiingie ziwani, hata kama mtumbwini wapo wenzake.